Land Rover iliyolala chini ya mwembe: soma hapa kabla hujanipigia

Wiki hii watu watatu wameniuliza jambo lile lile, namna ya kuiamsha Land Rover iliyolala miaka mingi, basi naandika mara moja. Nazungumzia Series III ya petroli, silinda 4, lita 2.25, kama yangu iliyolala miaka 9 hapa Cheyo, Tabora.

1. Betri ya zamani toa. Mpya usiifunge bado.

2. Chungulia eya klina. Panya hupenda humo.

3. Kulegeza injini. Hapa ndipo nilipolia. Nilikuwa na haraka, nikafunga kamba kwenye Fuso, gia ya tatu, nikaachia klachi. Tairi za nyuma zikaburuza kama jembe, kisha "kraa!" Ringi za pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda kwa kutu, mbili zikavunjika, zikachana ukuta. Kuchonga bloku kulinila mahindi ya msimu mzima.
Basi fungua plagi zote nne. Kila silinda vijiko viwili vya dizeli na mafuta ya hidroliki, nusu kwa nusu. Acha siku tano, ukiongeza kidogo kila jioni. Gia iwe huru, zungusha kwa hendeli ya mbele. Ikigoma, USIONGEZE bomba kwenye hendeli; mimina tena, subiri. Oili ibadilishe baada ya hapo, si kabla, maana dizeli hupenya hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Na ukipiga staata plagi zikiwa nje, kaa pembeni: inatema machoni.

4. Petroli ya zamani mwaga yote, safisha tanki.

5. Platini (zile za kukata umeme wa plagi, ndani ya distribyuta) msasa kidogo, nafasi kati yake geji 0.40 mm. Waya za plagi, kwa mpangilio wa silinda kuwaka: 1-3-4-2.

6. Breki kabla ya kutoka uani, raba zote mpya. Ukijazia oili ya injini badala ya mafuta ya breki, raba zitavimba.

MASWALI

– Mkuu nina trekta, nikiivuta si itawaka tu?
– Namba 3. Taratibu.

– Yangu dizeli, platini iko wapi?
– Dizeli haina. Nimeandika petroli pale juu kabisa.

– Shikamoo mzee. Kwa nini isiwe oili tupu?
– Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Oili ni nzito, inakaa tu juu ya pistoni. Dizeli inapenya pembeni ya ringi, hidroliki inabaki kulainisha. Mulika tochi kwenye tundu la plagi kila asubuhi: mafuta yakipungua, yanapenya. Ila silinda moja ikimeza haraka kuliko wenzake usishangilie, huenda valvu yake iko wazi tu.

– Mzee, huku Sikonge nyuki wamehamia chini ya kiti cha dereva.
– Mwite mrina asali, usipulize dawa. Lakini kama ni Land Rover ile fupi, tanki liko hapo hapo chini ya kiti cha kulia. Mwambie moto asiusogeze! Na asali ya humo msile.

– Kaja jana, wametoka salama. Injini bado imegoma.
– Siku ya ngapi?
– Ya pili.
– Mimina, ukalale.