Jinsi ya kupima habari za wafungwa "waliookoka" melini

Kati ya 1788 na 1868 Uingereza ilisafirisha wafungwa wapatao 162,000 kwenda Australia. Taarifa za safari hizo hazikosi wafungwa waliosoma Biblia, wakatubu, wakaokoka. Usizibeze, wala usizimeze nzimanzima.

Anza na aliyeandika. Tangu 1815 meli hizo zilipewa daktari wa jeshi la majini awe msimamizi. Alitibu, alisimamia nidhamu na shule, na pasipokuwa na kasisi mara nyingi aliongoza ibada yeye mwenyewe. Maana yake, anayesifu mavuno ndiye aliyepanda. Mfano mzuri ni Colin Arrott Browning, aliyegawa wafungwa madarasa, waliojua kusoma wakiwafundisha wasiojua, kisha akachapisha vitabu kuhusu kazi hiyo. Shajara za madaktari ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, katika kundi la kumbukumbu ADM 101. Nyingi huanza na habari za wagonjwa. Wewe pitiliza hadi maelezo ya jumla ya mwishoni, ndiko shule na ibada hutajwa.

Kisha tenga kusoma na kuamini. Maandiko yalikuwa pia kitabu cha kujifunzia herufi, kwa hiyo anayesoma aya kwa kuunga silabi anaweza kuonekana mcha Mungu kumbe yuko darasani tu. Andika pembeni: wangapi walipanda wakijua kusoma, wangapi walishuka wakijua, na "kusoma" hapo kuna maana gani. Miezi mitatu au minne, yenye dhoruba na kutapika, ni muda mfupi.

Kazi kubwa ni kumfuata mtu nchi kavu. Kwa waliofikia Tasmania, kisiwa cha Australia, rekodi za mwenendo husomwa bure mtandaoni kupitia maktaba za huko. Nyingi zinaonyesha dini, uwezo wa kusoma, taarifa ya gereza, taarifa ya daktari wa meli, halafu makosa: ulevi, utoro, matusi. Hapa wengi huharibu kwa kufuata jina peke yake. Akina John Smith ni utitiri. Shika jina, meli, mwaka na namba ya polisi aliyopewa mfungwa kwa pamoja. Tena, kosa moja la ulevi halifuti toba. Makarani waliandika adhabu, hawakuandika sala.

Safu ya dini kwenye rekodi hizo usiiruke. Mkatoliki wa Ireland aliyekaa kwenye ibada ya Kiprotestanti alihudhuria. Hilo silo kuongoka. Naye mfungwa yeyote alijua neno la daktari lingeingia kwenye rekodi yake.

Kwa meli za wanawake, tafuta na vitu. Kamati ya Elizabeth Fry, Mwingereza aliyetetea wafungwa wanawake, iliwapa Biblia pamoja na vitambaa, sindano na nyuzi. Mfarishi wa viraka ulioshonwa ndani ya meli Rajah mwaka 1841 upo mpaka leo, Canberra. Soma maandishi yaliyotariziwa juu yake: wanawake wanawashukuru wafadhili wao na kuonyesha kwamba hawakupuuza mawaidha ya kufanya kazi kwa bidii. Kuokoka hakutajwi.