Vyuma vimekaza ila mgahawa wako bado unapumua: jinsi ya kuziona dalili nzuri

Uchumi ukiyumba wenye migahawa wengi tunaangalia kitu kimoja tu, hela iliyopo kwenye droo usiku, ikiwa ndogo kuliko ya mwaka jana mtu halali, anaanza kuwaza ampunguze nani kazini. Mi naona hapo ndo tunapojichanganya. Droo inakwambia umeingiza ngapi leo, haikwambii kama watu bado wanakutaka au wameshakuacha, na hilo la pili ndo la kulifuatilia kipindi kama hiki.

Tafuta daftari, la kawaida tu. Kila siku andika vitu vitatu: vichwa vilivyokula (vichwa sio bili, maana bili moja inaweza kuwa ya meza ya watu wanne), mauzo ya siku nzima, na wangapi kati yao ni sura mnazozijua. Hiyo ya tatu mpe kazi mtu wa kaunta, awe na karatasi pembeni, kila akiingia mtu anayemfahamu anachora kastari, basi. Usiku gawanya mauzo kwa vichwa upate wastani wa mtu mmoja. Usitoe hukumu kabla ya mwezi mzima kuisha, maana wiki ya mshahara na wiki ya kabla ya mshahara ni dunia mbili tofauti kabisa, na ukilinganisha linganisha Jumanne na Jumanne, sio Jumanne na Jumamosi.

Haya, sasa soma. Mauzo yameshuka, vichwa viko palepale, wastani wa kichwa umepungua. Wengi wakiona hivi wanaona giza, mi nakwambia hiyo ni dalili nzuri kuliko zote, kwa sababu mteja hajaenda popote, kabana matumizi tu, aliyekuwa anaagiza na kinywaji sasa anaomba maji, waliokuwa wanakula sahani mbili wanagawana moja na kuomba kijiko cha ziada. Huyo usimnunie hata kidogo! Kijiko mletee kabla hajaomba mara ya pili. Kinyume chake ndo cha kuogopa: vichwa vinapungua huku wastani unapanda, mara nyingi ina maana umepandisha bei wenye uwezo wakabaki na wengine wakaondoka kimyakimya, na droo bado inakudanganya kwamba mambo yako sawa.

Dalili nyingine ni sura mpya ambazo zamani zisingekanyaga kwako. Watu wakiishiwa hawaachi kula nje moja kwa moja, wanashuka ngazi, wa sehemu ya gharama anahamia sehemu nafuu. Mwaka 2008 masoko ya hisa Marekani yalipoporomoka, kati ya kampuni 30 za Dow Jones (orodha ya kampuni kubwa za huko inayotumika kupima soko la hisa) ni McDonald's, migahawa ya bei nafuu, na Walmart, maduka ya bei nafuu, tu ndo zilifunga mwaka hisa zao zikiwa juu. Kwa hiyo ukiona wageni wanaongezeka kwenye daftari, hakikisha wanachokikuta siku ya kwanza ni kile unachokifanya vizuri, usiwape menyu ya kurasa sita ambayo nusu yake imeisha.

Na hapo kwenye menyu kuna kazi. Mwaka 1982 Michael Kasavana na Donald Smith wa Chuo Kikuu cha Michigan State walikuja na njia rahisi ambayo mpaka leo watu wa migahawa wanaitumia, kila sahani iulize maswali mawili: inatoka sana? inaacha faida nzuri? Inayotoka na inaacha faida, usiiguse. Inayotoka ila faida kiduchu, angalia kipimo au malighafi. Inayoacha faida ila haitoki, mhudumu aitaje kwa mdomo mteja akikaa. Isiyotoka wala haiachi kitu, itoe, hata kama ni ya mwenye mgahawa mwenyewe na anaipenda (hapa ndo ugomvi unapoanza, najua).

Afu piga hesabu ya sahani za kuvukia. Chukua gharama ambazo hazijali umeuza au hujauza, kodi, mishahara, umeme, zigawe kwa siku unazofungua. Sema zinakuja 600 kwa siku. Sahani moja ukitoa malighafi inakuachia 10, basi sahani 60 ndo mstari wako. Ukiuza 64 siku nyingi kwenye kipindi kigumu, mgahawa uko hai, hata kama zamani ulikuwa unauza 110. Ukiuza 50, unakula mtaji, na hapo lazima upunguze gharama zenyewe, mfano kufunga siku moja iliyopoa au kupunguza masaa. Wengi kwenye kazi hii wanajitahidi malighafi isizidi kama theluthi ya mauzo, na malighafi ukijumlisha na mishahara isivuke asilimia 60 mpaka 65 hivi.

Kuna dalili za uongo pia. Umati wa siku ya ofa sio umati, angalia wangapi wamerudi wiki inayofuata kwa bei ya kawaida. Oda za kwenye programu za usafirishaji zinapendeza kwenye simu lakini kamisheni inaweza kufika asilimia 30, kwa hiyo zihesabie mstari wake peke yake. Na mauzo ya mkopo usiyaandike kama mauzo mpaka hela iingie.

Ukishakuwa na daftari la miezi miwili mitatu, nenda nalo kwa mwenye nyumba kabla hujachelewesha kodi. Mwonyeshe vichwa havijapungua, kinachobana ni wastani, na fremu ikibaki tupu kupata mpangaji kipindi hiki naye atahangaika. Omba kitu chenye tarehe, mfano nusu kodi kwa miezi mitatu na inayobaki ilipwe kidogo kidogo baadaye. Akikubali muandikiane hata kwa meseji. Kwa sapulaya fanya hivohivo, ila wewe omba siku za kulipa, bei iache kwanza.