SOMO: Una sanamu nyeupe ya Wapunu? Soma hapa kabla hujashika kitambaa

Wakuu, naandika mara moja ili nikiulizwa tena niwe nawaelekeza hapa tu. Tangu isambae ile habari ya Ufaransa, ya kinyago cha Wafang wa Gabon ambacho wazee wawili walikiuza kwa yuro 150, kisha mwaka 2022 kikanadiwa Montpellier kwa yuro milioni 4.2, kila mwenye uso wa mti sebuleni ananitumia picha. Mimi nina meza ya kukarabati vinyago hapa Arusha, sina mnada. Kutambua na kutunza, hayo nayaweza.

Hatua ya 1: Jua ulichoshika. Wapunu wako kusini mwa Gabon, mikoa ya Ngounié na Nyanga, na wengine wako ng'ambo ya mpaka, Congo-Brazzaville. Kinyago chao maarufu huvaliwa na mchezaji aliyepanda mironjo. Sanamu ni kitu kingine. Ni umbo la mtu kuanzia kichwa hadi miguu, mara nyingi mwanamke, na nyingi ni ndogo. Zilikaa pamoja na vifurushi vya dawa na masalia ya wahenga. Dukani zinazoonekana zaidi ni vinyago, kwa hiyo ukiambiwa "sanamu ya Wapunu" angalia kwanza kama ina miguu.

Hatua ya 2: Piga picha. Mbele, nyuma, ubavu wote, chini ya nyayo. Mwanga wa dirishani, bila flashi.

Hatua ya 3: Soma uso. Macho kama ya mtu anayesinzia, mkato mwembamba uliopinda. Nywele nyeusi zimeinuliwa katikati kama kishungi, na misuko imeshuka pembeni. Kwenye kipaji kuna chale zilizovimba kama magamba ya samaki, mara nyingi tisa, zimepangwa umbo la almasi, na nyingine kwenye panja. Wazungu wa mwanzo wa karne ya 20 walipoziona nyuso hizi wakadhani zina asili ya Kijapani. Hazina. Ni mrembo wa Kipunu, na ule weupe ni rangi ya waliotangulia. Magamba yasipokuwepo haimaanishi ni feki.

Hatua ya 4: Weupe. Hapa ndipo nilipoharibu, someni polepole. Ule si rangi ya dukani. Ni udongo mweupe, kaolini, umepakwa juu ya mti na haujashikwa na gundi ya maana. Miaka ya nyuma mteja aliniletea sanamu ndogo, imeshika moshi na vumbi hadi shingo imekuwa kijivu. Nikajifanya mjuzi. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, kitambaa laini. Nilifuta shavu la kushoto mara mbili tu, kitambaa kikatoka na kitu kama uji wa ulezi uliochujwa, na shavu likabaki mti mtupu. Kulia mhenga, kushoto ubao. Badala ya kuacha hapo, nikasaga chaki nikapaka. Ilipokauka ikawa nyeupe ya ukutani, inapiga kelele pembeni ya ule weupe wa zamani wenye umanjano. Mteja alipokuja kuichukua aliitazama muda mrefu, hakunigombeza, akalipa nusu akaondoka. Hadi leo ningependelea angenigombeza.

Kwa hiyo: maji hapana. Spiriti hapana. Msasa usithubutu. Mafuta ya aina yoyote hapana, maana udongo hunywa mafuta ukapoteza weupe, na ukishayanywa hayatoki. Varnishi ndiyo mbaya kuliko zote. Kinachoruhusiwa ni brashi ya manyoya laini, ile ya wachora picha, unapangusa vumbi kutoka juu kwenda chini huku umeweka karatasi nyeupe chini yake. Karatasi ikianza kupata unga mweupe, acha hapohapo. Hilo si vumbi tena, ni uso wake.

Hatua ya 5: Bungua. Tundu peke yake si tatizo, tatizo ni unga mpya unaodondoka. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ziba kwa utepe wa gundi, weka kwenye friza kali wiki mbili. Ukiitoa USIFUNGUE mfuko mpaka siku ya pili, la sivyo jasho la baridi litatua juu ya udongo na utarudi hatua ya 4. Nyumbani tafuta friza isiyo na samaki. Mama watoto alishanipigia marufuku.

Hatua ya 6: Mbali na jua, mbali na ukuta wenye unyevu. Basi.

MASWALI

Mdau wa Mwanza: Mkuu ninayo kama hiyo, naweza kupata shilingi ngapi?

*Jibu:* Aya ya kwanza.

Mdau wa Mwanza: Nimesoma yote, hujataja bei.

*Jibu:* Ndiyo.

Bint Tanga: Mimi niliipaka mafuta ya nazi ing'ae, sasa uso umekuwa kama wa chapati. Nafuta na nini?

*Jibu:* Na chochote kile utaongeza hasara. Iache ilivyo. Na dada yangu, tafadhali, hatua ya 4 niliiandika kwa machozi.

Mtumishi: Ndugu, hapa unatufundisha kulea mizimu ya watu. Huogopi?

*Jibu:* Sijamwambia mtu aiabudu. Hata picha ya marehemu babu yako ukutani unaipangusa vumbi. Kama hutaki kuwa nayo, usinunue, wala usiichome. Libreville kuna makumbusho ya taifa ya sanaa na mila, na kuna Wapunu hai ambao hao wahenga ni wao.

Fundi mwanafunzi: Mwalimu, ile feki naijuaje bila kuikwaruza?

*Jibu:* Swali zuri, na ahsante kwa kutokukwaruza. Chukua kioo cha kukuzia. Rangi ya maji ya dukani hutanda kama ngozi na kuziba vinyweleo vya mti, udongo hukaa kama unga. Nusa mgongoni: wengi huzeesha kwa dawa ya viatu, harufu haifichiki. Matundu yote sawasawa na yamenyooka ni kazi ya dreli, bungua hapigi rula. Kisha jiulize mtu angeishika wapi. Kiuno na miguu vingelainika, lakini waongo husugua pua na magoti.

Mkongomani wa Kalemie: Kwetu Watabwa na Wahemba nao walichonga wahenga. Ni kitu kimoja?

*Jibu:* Karibu sana, ndugu yangu, natamani maswali yote yangekuwa hivi. Ni wazo la jirani lakini mkono tofauti. Mhenga wa Kihemba kwa kawaida ni mwanamume amesimama, mikono kando ya tumbo, mti wenyewe umeachwa na weusi wake, na anakumbusha ukoo wa mtawala. Watabwa huchora chale mwilini, si usoni tu. Ile sanamu ya chifu Lusinga wa kwenu, aliyeuawa na watu wa Mbelgiji Émile Storms mwaka 1884, ndiyo hiyo iko kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, hadi leo. Wakota, wa hukohuko Gabon lakini upande wa mashariki, wao walivika mti mabati ya shaba. Ukiwa na wazee wanaokumbuka majina ya wachongaji, yaandike sasa.

Fundi mwanafunzi: Na ule wekundu wa midomo?

*Jibu:* Unga wa mti wa paduki, ndugu wa mninga wetu. Nilijaribu vumbi la msumeno la mninga kwa kazi zangu mwenyewe, linatoa kahawia ya chai tu.

Mpanda Mjini: Umekosea mti, mzee. Jaribu mkurungu. Bibi zetu walipaka rangi kwa huo.

*Jibu:* Shikamoo kwa bibi. Kweli sikuufikiria. Una vumbi lake? Hata kopo moja, nauli ya basi nalipa mimi.

Mpanda Mjini: Kuna gunia zima kwenye karakana ya shemeji. Ila analitumia kutandikia kuku.

*Jibu:* La juu, ambalo kuku hawajalifikia.