Kuuza korosho mtandaoni ukiwa nyumbani Mtwara
Anza na bidhaa moja: korosho zilizobanguliwa, pakiti ya gramu 500. Ghafi ziache, zina utaratibu wake wa stakabadhi ghalani, yaani zinakusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kikombe. Zikishakaangwa, ziache zipoe kabisa ndipo ufunge. Ukifunga zikiwa na joto, mvuke unabaki ndani ya mfuko, korosho zinalainika, na mteja wa Dar ukishampoteza kwa hilo harudi. Picha piga mchana, karibu na dirisha, kisha weka WhatsApp Business pamoja na bei. Kwenye bei hesabu mfuko, nauli ya kifurushi kwenye basi na makato ya kutoa pesa. Hapo ndipo wengi wanaoanza wanapokula mtaji bila kujua. Pesa ikiingia, tuma mzigo, umrushie mteja picha ya risiti ya basi siku hiyohiyo.