Jinsi ya kujua nani anamtegemea nani kazini

Ukitaka kuielewa taasisi, iwe saccos, shule au zahanati, usianzie kwenye ile chati ya uongozi iliyobandikwa ukutani, ile inakuonyesha nani bosi wa nani tu, haikwambii nani asipokuja kazi inalala.

Chukua kazi moja uifuate mkono kwa mkono. Mi kwenye saccos moja nilifuata fomu ya mkopo toka mwanachama anaijaza mpaka hela inaingia kwenye akaunti yake, na kila meza ilipopita niliandika imefika lini, imetoka lini, na katikati ilikuwa inasubiri nini. Hapo kwenye kusubiri ndo penyewe. Afisa mikopo aliimaliza asubuhi moja, kamati ikapitisha, halafu ikakaa siku 3 inangoja sahihi ya pili, na aliyekuwa anajua mwenye sahihi yuko mjini lini na yuko shamba lini ni dada mhudumu anayepika chai na kupeleka mafaili, ambaye kwenye chati hayupo kabisa!

Baadae uliza kila mtu peke yake, sio kikaoni manake mbele ya bosi watu watamtaja bosi: ukikwama unamfuata nani kwanza, na nani asipokuwepo kazi yako inasimama? Chora majina, mshale utoke kwa anayetegemea uende kwa anayetegemewa. Daktari wa magonjwa ya akili Jacob Moreno alichora hivi huko Marekani miaka ya 1930, kwenye shule ya wasichana ya Hudson, New York, baada ya wasichana kutoroka kwa kufuatana, aone nani anamvuta nani.

Ukishachora, angalia ni utegemezi wa aina gani. James Thompson, msomi wa mambo ya taasisi, mwaka 1967 alitaja tatu. Kuna matawi ambayo kila moja linafanya yake ila mfuko ni mmoja, hapo kanuni za pamoja zinatosha. Kuna kupokezana kama ile fomu, hapo panga ratiba. Na kuna kurudishiana, kazi inaenda na kurudi kama afisa mikopo na mhasibu, hao waweke karibu waongee kila siku, waraka hausaidii kitu.

Mchoro usimpelekee bosi kwanza, watu walikuamini na majina yao. Warudishie wenyewe wausahihishe. Yule dada alichukua kalamu yangu akaongeza mshale mmoja kwenda kwa mlinzi, kumbe ndo anayeshika ufunguo wa chumba cha mafaili.