Warsha ya uandishi Goma: anza na goti, nyumba itakuja yenyewe

Ukitaka warsha yako ife siku ya kwanza, simama mbele ya watu uwaambie: "Leo tunaandika juu ya nyumbani." Nusu watakuandikia insha ya shule ya msingi, nyumba yetu ni nzuri, ina milango miwili. Nusu nyingine watainama tu, na Jumamosi ijayo hutawaona.

Katika mji huu wa mashariki mwa Kongo, chini ya volkano Nyiragongo, karibu kila mtu amepoteza nyumba, au analala chumba kimoja na aliyeipoteza. Kuna wa volkano ya 1977, kuna wa Januari 2002 lava ilipokata mji katikati hadi ziwani, kuna wa Mei 2021. Na wa vita, ambao hawahesabiki. Huwezi kumuuliza mtu kama huyo jambo kubwa hivyo kabla hata chai haijapoa. Ndiyo maana mimi huanza na mwili, tena na kipande chake kidogo.

Maandalizi kwanza, kwa haraka. Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Wakizidi, hakuna atakayepata nafasi ya kusoma. Anza saa nane mchana, maliza saa kumi na nusu, kila mtu afike kwake kabla ya giza. Kaye, yaani madaftari, na kalamu utoe wewe. Mandazi yaje mwanzoni, si mwishoni, kwa sababu mtu asiyekula tangu asubuhi haandiki, anayangoja. Mama mwenye mtoto mchanga aje naye. Mvua ikianza kupiga mabati, andikeni. Kusoma kutangoja itulie.

Kisha sema sheria mbili, na uziseme polepole. Hakuna anayelazimishwa kusoma. Na uongo unaruhusiwa. Hii ya pili huwashangaza, hasa wazee, lakini ndiyo inayofungua mlango: mtu akijua anaweza kusema "hayo niliyabuni", ataandika mambo ambayo asingethubutu kuyaandika kama ushahidi.

Zoezi la mwili. Usiombe makovu. Najua warsha nyingi huanzia hapo, "chagua kovu, simulia historia yake", na kwa mji mwingine pengine si vibaya. Hapa unaweza kuwa unamwomba dada wa watu akuelezee siku mbaya kuliko zote mbele ya wageni. Omba mzigo. Umebeba nini wiki hii, ulikibebaje, na ni sehemu gani ya mwili iliyojua kabla yako kwamba kimezidi? Dakika kumi, bila kuinua kalamu.

Hapo ndipo vitu huanza kutoka. Bidoni la njano la lita ishirini, kilo ishirini za maji kutoka ziwani, na kidole ambacho mshikio wake huwa unakikata. Mtoto wa mgongoni aliyelala, maana akilala anakuwa mzito zaidi. Baba mmoja anayeendesha chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, aliandika juu ya goti lake tu: jinsi anavyolipigisha juu ya ubao, kipande cha kandambili alichokipigilia pale ili lisichubuke, na mguu wa pili unaosukuma lami mpaka soli inaisha upande mmoja. Mwisho wa ukurasa akaandika kwamba usiku mke wake hulitambua goti hilo gizani kwa ugumu wake. Hakuna aliyekuwa amemtajia neno nyumbani.

Kutoka hapo nenda kwenye parseli, yaani kiwanja na nyumba yake. Kila mtu achore parseli moja aliyowahi kuishi, kama ramani, bila kujali uzuri: lango, jiko, choo, mahali pa kuanika nguo, ukuta wa mawe ya volkano kama ulikuwepo. Wape muda mrefu hapa, hata nusu saa, maana mkono unaochora hukumbuka vitu ambavyo mdomo umesahau. Utasikia wakicheka, wakibishana wenyewe kwa wenyewe kama mparachichi ulikuwa kushoto au kulia. Halafu kila mmoja aweke alama mahali pamoja tu ambapo mwili wake ulipenda kukaa, kizingiti, jiwe la kufulia, kona ya jiko, na aandike kinachoonekana kutoka pale. Kisichoonekana kutoka pale hakiingii.

Wakiwa tayari kwa jambo la kuondoka, usiwaulize walibeba nini. Jibu linajulikana: mtoto, karatasi, sufuria. Uliza kama walifunga mlango. Mama mmoja aliandika kuhusu siku ya Mei 2021 watu walipoamriwa kuhama: alifunga kufuli, akafika barabarani, akarudi kulivuta tena kuhakikisha limefunga, huku jirani wakimpigia kelele, "Mama, lava haijui kufuli!" Tulicheka mpaka chai ikamwagika, naye akacheka kuliko wote.

Sasa jambo la nani ni wa hapa. Swali la "wewe ni wa wapi?" liache nje ya chumba kabisa. Hapa kwetu swali hilo limeshaua watu, na hata likiulizwa kwa upole linamfanya mtu ajitetee. Mimi huuliza hivi: kesho asubuhi usipotoka nje, nani wa kwanza atakayeuliza uko wapi? Waandike majina, au kazi zao kama majina ni hatari: muuza makaa, mama wa nyumba ya pili, kijana wa krediti za simu. Mwenye orodha fupi msimharakishe. Wapo wanaoandika mtu mmoja, na mtu huyo akawapa kurasa tatu.

Katika kusoma, kazi ya wasikilizaji ni kutaja kitu kimoja walichokiona. "Nimeona kandambili." Basi. "Pole" moja inatosha, sisi ni watu, lakini mzuie yule anayesema "hata mimi" na kuanza kusimulia yake; zamu si yake. Mtu akilia, nyamazeni, mpeni maji, mwenzako mmoja awe karibu na mlango ili atoke naye akitaka hewa. Wewe si mganga wa roho. Kabla ya warsha ujue ni kituo gani cha afya chenye mtu wa kuzungumza naye, uende ukamwone kwanza mwenyewe.

Lugha waachie. Kiswahili chetu kikichanganyika na Kifaransa, Kinande au Kinyarwanda, usishike kalamu nyekundu. Atakayetaka kuchapisha mtasahihisha pamoja siku nyingine.

Kaye zibaki kwa wenyewe. Hakuna picha za kurasa, hakuna kurusha kwenye WhatsApp, hata kwa nia njema, hata na mfadhili anayetaka "ushuhuda". Majina ya watu, kartie (mitaa) na avenue (barabara) yabadilishwe kabla maandishi hayajatoka chumbani. Mfadhili akisisitiza, mpe orodha ya mazoezi na risiti za mandazi.