Namna ya kushea picha zako za kawaida na stori zake, nilivyofundishwa na shangazi mwenye kitochi

Shangazi yangu anakaa Mvumi, huku Dodoma, na simu yake ni kitochi, kile cha vitufe kinachokaa na chaji wiki nzima. Kwa hiyo picha ambazo ndugu wengine wanaziona kwenye grupu la ukoo yeye hazioni, ila habari zinamfikia, maana Mvumi hakuna jambo linalolala siku mbili bila kujulikana, na akishasikia kuna picha imetumwa ananipigia. Namwamkia "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, tunamaliza habari za mvua na mbuzi, halafu anasema: haya, nisomee hiyo picha.

Mara ya kwanza nilimjibu kwamba ni mama yuko jikoni. Akanyamaza kidogo. Jikoni kwenu Chang'ombe au kwa mdogo wako? Wifi anapika nini saa hizo? Mbona hakwenda kanisani? Na huyo mtoto ninayesikia alitokea kwenye picha ni wa nani? Nikajikuta nusu ya maswali sina majibu, na picha nimepiga mwenyewe nimesimama palepale mlangoni.

Sasa haya ninayoandika yote yametoka kwenye maswali yake. Ukitaka kushea picha na stori inayoeleweka jifanye unamsimulia mtu ambaye haoni picha. Atakachouliza ndicho cha kuandika, na asichouliza achana nacho.

Tuanze na picha yenyewe ila sitakuchosha na mambo ya kamera, simu uliyonayo inatosha. Futa kioo cha kamera kwanza, basi. Vumbi letu la Dodoma hasa ile miezi ya upepo, Julai Agosti huko, linakaa kwenye kioo na jasho la mfukoni juu yake, halafu unasema simu yako imechoka kumbe ni chafu. Futa na kitambaa laini, siyo kanga yenye mchanga. Na jua la saa sita usilipigie mtu picha uwanjani, litamtia kivuli cheusi machoni hata kama ni mzuri vipi. Msogeze chini ya mwarobaini au asimame mlangoni wewe ukiwa ndani mgongo wako kwenye ukuta na uso wake upokee mwanga wa nje kwa ubavu. Asubuhi mapema na kuanzia saa kumi na moja jioni kila kitu kinapendeza hata tofali. Kama uso umetoka mweusi na nyuma kumewaka, gusa uso kwenye skrini, simu yenyewe itapandisha mwanga. Na usivute kwa vidole, sogea wewe kwa miguu.

Sasa kwenye stori, hapa ndipo watu wengi tunapoanguka.

Andika siku hiyohiyo. Siyo lazima iwe ndefu, hata kujirekodia sauti ya nusu dakika ukiwa kwenye bajaji unarudi nyumbani inatosha: nani alikuwepo, nani alisema nini, ilikuwa saa ngapi, tulikuwa tunasubiri nini. Ukiacha wiki ipite utakumbuka kwamba ilikuwa siku nzuri na basi, na siku nzuri siyo stori. Mimi nina picha ya mjomba anacheka mpaka kashika mti asianguke, tulikuwa Hombolo bwawani, na mpaka leo hakuna anayekumbuka alikuwa anacheka nini. Yeye mwenyewe hakumbuki. Inaniuma kila nikiiona.

Halafu kile kitu cha kuweka picha ya sahani ya wali na kuandika "Mungu ni mwema". Siyo kosa, Mungu ni mwema kweli, ila wali alipika nani? Mbona sahani ni ya plastiki na vile vya udongo vipo kabatini? Shangazi angeuliza hayo. Maneno ambayo yangefaa kwenye picha ya mtu yeyote ujue hayajasema chochote kuhusu yako.

Nikupe mfano. Nina picha ya madumu sita yamepangwa nje ya geti, basi, madumu. Nilipoituma nikaandika hivi: "Jumanne saa tisa usiku, maji yametoka baada ya siku nne. Ndoo ya bluu ni ya jirani, mfuniko ni wetu, hakuna anayejua tulibadilishana lini. Baba kaweka kigoda analinda foleni ambayo haina mtu mwingine zaidi yetu." Watu walicheka, lakini zaidi ya hapo kila mmoja kwenye grupu akaleta stori yake ya maji, wa Kizota, wa Ipagala, mpaka binamu aliyeko Mwanza ambaye ziwa liko pale anaona na bomba bado linamletea mapozi. Na ukiangalia maneno yenyewe, baba haonekani kwenye picha. Yuko nyuma yangu. Ndiyo maana nasema andika na kile kilichobaki nje ya fremu, nani yuko pembeni, kulikuwa na harufu gani, redio ilikuwa inasema nini, dakika tano kabla kulitokea nini.

Mfano mwingine ni zabibu. Kila mtu anayetoka Dodoma anapiga picha ya zabibu zikiwa zimejaa mfuko, zinang'aa, na sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka kwa hiyo hizo picha haziishi. Mimi nilizinunua kilo tatu za kumpelekea shemeji Dar nikapanda basi, nikasema nionje punje mbili tu. Kibaigwa nikaonja tena. Gairo jirani yangu wa siti naye akaonja, ungemnyimaje mtu mmekaa naye bega kwa bega. Kufika Morogoro nikapiga picha ya vikonyo kwenye gazeti, hiyo ndiyo niliyomtumia shemeji pamoja na maelezo kamili ya kila kituo. Alikasirika siku moja, siku ya pili akaiprinti akaibandika kwenye friji. Kwenye picha arobaini za safari moja tafuta ile inayokufanya useme "subiri nikwambie", hata kama imekaa upande. Nzuri ziache kwenye simu. Kwenye harusi bwana na bibi harusi watapigwa na mpigapicha mwenye pesa yake, wewe nenda nyuma kwa kina mama wanaokoroga pilau saa kumi usiku wamejifunga kanga viunoni.

Maneno ya watu yaandike kama walivyoyatamka. Kama bibi kasema kwa Kigogo andika Kigogo, halafu eleza kwa Kiswahili ukiona kuna haja. Na majina yaandike, siyo "familia" au "wana". Baada ya miaka ishirini hao wana hakuna atakayewajua.

Kuhusu kutuma. Stetasi ya WhatsApp inakaa masaa 24 inapotea na stori yako inapotea nayo, kwa hiyo yale maneno yanakili mahali, kwenye daftari ni sawa tu. Ukituma picha kawaida inapunguzwa ubora, chagua ile alama ya HD kabla ya kutuma, au itume kama faili ikifika ifike kama ilivyo. Ila ujue ukiituma kama faili inakwenda na taarifa zake za ndani zote, saa uliyopiga na hata mahali ulipo kama lokesheni ya kamera ilikuwa imewashwa. Kwa shangazi hakuna shida, kwa watu usiowajua zima kwanza lokesheni kwenye mipangilio ya kamera.

Na ruhusa. Nitakwambia langu. Nilituma picha ya sherehe kule Kikuyu, watu wanacheza, nikaandika stori ndefu tamu kabisa na jina la kila mtu kama ninavyokufundisha hapa. Kumbe binamu yangu mmoja kazini aliomba ruhusa ya kuumwa. Picha ikazunguka ikamfikia bosi wake na pale binamu yuko hewani, miguu yote miwili haijagusa chini. Kazi haikupotea lakini mimi na yeye tulikaa miezi bila kusalimiana. Tangu siku hiyo nauliza, "nikituma hii kuna tatizo?", maneno manne tu. Mtoto muulize mzazi wake, na yenye sare ya shule inayosomeka jina mimi situmi nje ya ukoo, wala mtoto anaoga. Mgonjwa kitandani hapana, hata kama unaomba maombi, omba bila picha. Angalia na vilivyoko nyuma: kitambulisho cha NIDA mezani, tiketi yenye namba, risiti. Siku hizi kuna na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, lakini kabla hata ya sheria ni adabu tu. Na maeneo ya jeshi na mageti yenye walinzi usielekeze simu, Dodoma tunayo mengi, utaelezea stori hiyo ukiwa umekaa kwenye benchi.

Sasa za zamani, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko kwenye utamu. Kila nyumba ina bahasha au albamu, baba kavaa bugaluu na raizoni kasimama mbele ya pazia la studio lililochorwa maua, na nyuma ya picha hakuna kitu kimeandikwa. Ziweke kwenye simu: ilaze picha karibu na dirisha jua lisiipige moja kwa moja, zima fleshi, simu iwe juu yake sawasawa, ukiona inang'aa izungushe mpaka mng'ao utoke. Iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiibandue, utabaki na nusu uso, ipige ikiwa humohumo. Nyuma usiandike na kalamu ya wino, inapenya na kuchafua, penseli laini ndiyo nzuri, na kama haishiki andika kwenye karatasi uweke pamoja kwenye bahasha.

Halafu nenda na simu kwa mzee. Usimuulize "hii ni mwaka gani", atakwambia hajui na mazungumzo yataishia hapo. Muulize ilikuwa kabla au baada ya nani kuzaliwa. Kabla ya Operesheni, ile ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, au baada? Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha? Kwa wa kwetu ajali ya treni ya Igandu ni alama kubwa, hiyo ni Juni 2002, mtu atakwambia moja kwa moja tulikuwa tumeshahamia nyumba hii au bado. Na picha yenyewe inasema. Ukiona kibao cha Manispaa ya Dodoma ni kabla ya Aprili 2018 tulipopandishwa kuwa Jiji, au angalau kibao kilibandikwa kabla, maana vibao navyo huchelewa kubadilishwa. Kama mji unaonekana kwa mbali na Msikiti wa Gaddafi haupo pale unapotakiwa kuonekana basi ni kabla ya 2010 ulipofunguliwa. Mtu kavaa fulana ya UDOM, hiyo haiwezi kuwa kabla ya 2007. Na kama kuna treni ya umeme nyuma huna haja ya kuuliza mzee, ni kuanzia 2024. Tulikaa jioni nzima tunabishana juu ya picha moja ya nyumba ya tembe mpaka bibi akatazama kivuli tu, akasema huu mbuyu ulikuwa haujapigwa na radi, na yeye mwaka wa radi anaujua kwa sababu ndio alioolewa.

Wakiwa wanabishana wewe rekodi. Usiwakatize kuwaambia nani yuko sahihi, mabishano ndiyo stori, andika yote mawili.

Mwisho kuhusu shangazi. Nilichoka kusoma picha kwa simu, nikaanza kuziprinti chache pale mjini, duka lolote la steshenari linalosafisha picha watakutolea palepale, nikaandika stori kwa nyuma kwa maandishi makubwa, nikatia kwenye bahasha ya kaki nikampa kondakta wa gari la Mvumi. Mtoto wa jirani anamsomea. Ya kwanza kumpelekea ilikuwa mama kakaa nje anachambua mlenda na mbuzi kasimama nyuma yake, nikaandika kila kitu kama mwalimu, saa, siku, mlenda umetoka wapi, mama alikuwa analalamikia nini, na kwamba mimi nilikuwa nimeegemea tanki.

Jioni kitochi kikapiga. Nimeiona, ni nzuri, wifi kapungua. Lakini hujaandika, mbuzi ni wa nani?

Ikabidi niende kwa jirani kuuliza.